Taka hii ni ya daraja gani? Mwongozo kamili wa kuainisha taka za mionzi za kiwango cha chini kwa hospitali, maabara na karakana za Dar es Salaam

Chukua mfuko mweusi uliokaa kwenye kona ya stoo. Hauna kibandiko, hauna tarehe, na aliyeuweka alishahamishiwa kituo kingine. Kipima mionzi kikisogezwa karibu, namba zinapanda kidogo. Ndani yake huenda mna glovu zenye teknesiamu-99m, dawa ya mionzi ya hospitalini ambayo keshokutwa haitakuwa na uzito wowote. Huenda pia mna kipande chenye sizimu-137, ambacho baada ya miaka 30 kitakuwa kimepungua nusu tu. Kwa macho mifuko hiyo miwili ni sawa, na kwa kipimo kimoja cha haraka pia ni sawa. Asiyejua kilichomo analazimika kuupa mfuko daraja zito zaidi linalowezekana. Hapo taka ambayo ingesubiri siku mbili na kwenda na taka za kawaida inaanza safari ya Arusha, kwenye kituo cha taifa cha taka za mionzi, kwa gharama na makaratasi.

Kwa hiyo mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja: daraja la taka ya mionzi huamuliwa pale taka inapozaliwa, mkononi mwa mtu aliyevua glovu ile, akiwa bado anakumbuka alichoshika. Kipimo cha baadaye kinathibitisha alichoandika. Hakiwezi kuziba pengo la asichoandika.

Wanaohusika hapa mjini ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Kuna idara za tiba ya nyuklia, kama ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambako iodini-131 na teknesiamu-99m ni dawa za kila siku. Kuna maabara za utafiti za vyuo vikuu. Kuna makandarasi wa barabara wenye vifaa vya nyuklia vya kupima ushindiliaji wa udongo, viwanda vyenye vipimo vya ujazo kwenye mitambo, maghorofa yenye vitambua moshi vya zamani, na yadi za vyuma chakavu. Msimamizi wa wote ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, kwa Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003. Viwango vya namba nitakavyotaja ni vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA. Leseni yako ikiwa na sharti kali zaidi, fuata leseni.

Madaraja yenyewe

IAEA ilitoa mpangilio wa madaraja sita mwaka 2009, na ndio unaotumika sehemu nyingi duniani. La kwanza ni taka zilizosamehewa: mionzi yake ni kidogo kiasi kwamba hakuna sababu ya kuzisimamia kama taka za mionzi. Kipimo chake cha msingi ni kwamba mtu wa kawaida asipate zaidi ya takribani mikrosiveti 10 (mikrosiveti ni kizio cha dozi ya mionzi anayopata mtu) kwa mwaka kutokana nazo. La pili ni taka za uhai mfupi sana, zile ambazo nusumaisha yake, yaani muda wa mionzi kupungua nusu, haizidi takribani siku 100, zinazohifadhiwa hadi zipungue zenyewe kisha ziachiliwe. La tatu ni za kiwango cha chini sana, zinazoweza kufukiwa kwenye dampo maalumu lenye usimamizi mdogo. La nne ni za kiwango cha chini: zinahitaji kutengwa na watu kwa muda hadi wa miaka mia kadhaa, na huzikwa karibu na uso wa ardhi kwenye sehemu iliyojengwa kwa kazi hiyo. La tano na la sita, kiwango cha kati na cha juu, ni ya vitu kama mabaki ya vinu vya nyuklia na baadhi ya vyanzo vikali vya muda mrefu. Hutayakuta kwenye pipa la wodi.

Kwa hospitali ya Dar es Salaam, sehemu kubwa kabisa ya taka ni ya daraja la pili. Kosa linaloigharimu taasisi ni kuliacha daraja hilo lichanganyike na la nne.

Hatua ya kwanza: tenganisha ukiwa bado umeshika

Kabla kitu hakijaingia kwenye pipa, jiulize maswali mawili. Isotopu gani, yaani aina gani ya atomu zenye mionzi, imegusa kitu hiki? Na je, hiki ni chanzo kilichofungwa, au ni kitu kilichochafuliwa?

Swali la kwanza linakupa pipa. Weka mapipa kwa nusumaisha, usiyapange kwa vyumba wala kwa zamu. Pipa la saa ni la teknesiamu-99m (saa 6) na florini-18 (dakika 110). Pipa la siku ni la iodini-131 (siku 8), luteshiamu-177 (siku 6.6) na fosforasi-32 (siku 14.3). Iodini-125 yenye siku 59 ipate chombo chake, kwa sababu ukiiweka na iodini-131, mfuko wote utasubiri miezi mingi bila sababu. Tritiamu (miaka 12.3) na kaboni-14 (miaka 5,700) za maabara za utafiti hazisubiriki kabisa. Hizo zina njia yake tangu mwanzo. Kuchanganya makundi haya ni sawa na kumwaga mchele na mtama kwenye debe moja: kuna atakayekaa chini kuchambua, na kila dakika ya kuchambua anapokea dozi ambayo haikuwa na ulazima.

Luteshiamu-177 ina mtego wake. Kutegemea ilivyotengenezwa, inaweza kuja na chembe za luteshiamu-177m, ambayo nusumaisha yake ni siku 160. Ni kiasi kidogo sana, lakini luteshiamu-177 yenyewe ikishapungua, huyo mwenzake ndiye anayebaki kwenye mfuko na kukataa kushuka. Soma cheti cha mtengenezaji siku dawa inapofika. Kama chembe hizo zipo, taka zake zitoke kwenye pipa la siku.

Swali la pili lina jibu fupi na lisilojadiliwa. Chanzo kilichofungwa, yaani kile kidonge cha chuma chenye isotopu ndani, hakiingii kwenye pipa lolote la taka hata kama ni kidogo, hata kama mtu anasema kimeisha nguvu. Kinatolewa kwenye mkondo wa taka na kufuata njia yake, nitakayoieleza mbele.

Hatua ya pili: angalia hatari nyingine kabla ya mionzi

Sindano yenye mabaki ya teknesiamu ni kitu chenye ncha kali kwanza, taka ambukizi pili, taka ya mionzi tatu. Mionzi itaondoka yenyewe kesho. Virusi vya homa ya ini havitakuwa vimeondoka. Kwa hiyo sindano iende kwenye sefti boksi iliyotengwa kwa ajili ya chumba cha dawa za mionzi, isichanganywe na sefti boksi za wodi. Ikishakaa muda wake na kupimwa, inaendelea na njia ya kawaida ya taka ambukizi. Usifunike sindano kwa kifuniko chake ili tu uipime vizuri.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna tabia nzuri ya usafi inayogeuka kuwa hatari. Wahudumu wetu wamefundishwa, na wamefundishwa sawasawa, kumwagia Jik kila kilichoguswa na damu au mkojo. Kwenye iodini-131 usifanye hivyo. Klorini inaibadilisha iodini iliyotulia kwenye maji kuwa iodini inayoruka hewani, na kilichokuwa tatizo la sakafu kinakuwa tatizo la mapafu na tezi ya shingo ya mtu aliyeshika dekio. Tindikali nayo ina madhara hayohayo. Mfuko wa iodini usiingizwe kwenye mashine ya kuchemshia vifaa kwa mvuke, wala kwenye tanuri la kuchomea taka kabla haujapungua. Mhudumu wa usafi anayeingia chumba cha mgonjwa wa iodini aambiwe hili kwa mdomo, kabla ya kuanza kazi, na mtu anayemheshimu. Tangazo la mlangoni halitoshi.

Taka zinazooza, kama mabaki ya chakula cha mgonjwa, nepi na mizoga ya wanyama wa maabara, haziwezi kusubiri miezi mitatu kwenye joto la Dar es Salaam. Zinahitaji friza ya peke yake yenye kufuli na alama ya mionzi. Umeme ukikatika muda mrefu kuwe na mtu wa zamu anayejua kwamba friza hiyo ipo kwenye orodha ya jenereta. Vimiminika vya maabara vyenye viyeyusho vinavyowaka vitengwe na karatasi na glovu, kwa sababu njia yake ya mwisho haitakuwa moja nazo.

Hatua ya tatu: kibandiko

Mfuko usiandikwe ukishajaa. Uandikwe ukiwa mtupu, siku unapowekwa kwenye pipa: isotopu, chumba, tarehe ya kufungua, jina la anayehusika. Siku ya kufunga unaongeza tarehe ya kufunga, uzito kwa kilo, kiasi cha mionzi kilichokadiriwa, kipimo cha juu cha nje, aina ya hatari nyingine iliyomo, na namba ya mfuko inayolingana na rejesta.

Tarehe inayohesabiwa ni ya kufunga. Mfuko uliofunguliwa tarehe 1 na kufungwa tarehe 20 unaanza kusubiri tarehe 20, kwa kuwa kitu cha mwisho kuingia ndicho kichanga kuliko vyote.

Unyevu wa pwani unabandua karatasi zenye gundi, na jua la dirishani linafuta wino. Andika kwa maka peni isiyofutika kwenye lebo ya kufunga kwa kamba, kisha uivalishe plastiki angavu. Nakala iwe kwenye rejesta ya karatasi, hata kama una kompyuta. Stoo iwe na paleti, mifuko isikae sakafuni, maana masika ya Machi hadi Mei huingiza maji kwenye vyumba vingi vya chini vya mji huu, na mfuko uliolowa na kupasuka unarudi kuwa taka isiyojulikana.

Hatua ya nne: pima kwa kifaa kinachoona unachokitafuta

Kifaa kikikaa kimya, bado hujapata jibu. Kipima mionzi cha kawaida cha Geiger hakiioni tritiamu kabisa. Miale yake ni dhaifu mno kupenya hata dirisha la kifaa. Kaboni-14 anaiona kwa shida anayepima karibu sana na kwa dirisha jembamba. Iodini-125 inahitaji kifaa chenye kioo chembamba cha iodidi ya sodiamu. Miale ya alfa inazuiwa na karatasi moja, na inazuiwa vilevile na jasho lililobaki kwenye glovu. Kwa tritiamu na kaboni-14 unafuta eneo kwa pamba au karatasi, kisha unaisoma kwenye mashine ya kuhesabu kwa kimiminika king'aacho.

Pima mbali na stoo. Chumba chenye mifuko mingine kina mionzi yake, na mfuko msafi ukipimwa humo utaonekana mchafu, wakati mchafu kidogo utapotea kwenye kelele. Anza kwa kusoma kiwango cha asili cha mahali hapo. Sehemu nyingi duniani kiko kati ya 0.05 na 0.2 mikrosiveti kwa saa. Kiandike. Kisha zungusha kifaa pande zote za mfuko, polepole, bila kinga ya madini ya risasi, na uandike namba ya juu kabisa. Usichukue wastani.

Kwa vitu vigumu kama meza, trei na vifaa vilivyotolewa kazini, futa eneo la sentimita za mraba 100 na upime karatasi ya kufutia. Kwenye kanuni za usafirishaji, uso huhesabiwa kuwa umechafuliwa ukizidi bekereli 0.4 (bekereli 1 ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde) kwa sentimita ya mraba kwa miale ya beta na gama, au 0.04 kwa isotopu nyingi za alfa.

Hatua ya tano: hesabu

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kanuni ya mdomo: "subiri nusumaisha kumi". Nusumaisha kumi hupunguza mionzi hadi sehemu 1 ya 1,024. Inatosha kama ulianza na kidogo. Ulipoanza na kingi haitoshi, na anayeifuata kwa upofu anapeleka dampo la Pugu Kinyamwezi kitu ambacho bado kilipaswa kuwa kabatini.

Tuchukue mfuko wa kilo 2 kutoka chumba cha mgonjwa wa iodini-131. Ukisimama mita 1, kipima mionzi kinaonyesha 0.3 mikrosiveti kwa saa juu ya kiwango cha asili. Iodini-131 hutoa takribani 0.06 mikrosiveti kwa saa kwa kila megabekereli 1 kwa umbali huo, kwa hiyo ndani mna megabekereli 5 hivi, yaani bekereli milioni 5. Gawanya kwa gramu 2,000: bekereli 2,500 kwa gramu. Kiwango cha IAEA cha kuachilia iodini-131 kwa taka nyingi ni bekereli 10 kwa gramu. Unahitaji kupunguza mara 250, ambazo ni nusumaisha 8, yaani siku 64 au 65.

Sasa mfuko mwingine wa uzito uleule unaonyesha 4.8 kwa mita 1. Ni megabekereli 80, bekereli 40,000 kwa gramu. Unahitaji kupunguza mara 4,000. Nusumaisha kumi zingekuacha na karibu bekereli 39 kwa gramu, mara nne ya kiwango. Unahitaji 12, yaani siku 96 au 97.

Angalia pia upande wa pili wa hesabu hiyo. Mfuko wa kilo 2 uliofika kwenye bekereli 10 kwa gramu una kilobekereli 20 tu. Kwa mita 1 huo ni 0.0012 mikrosiveti kwa saa, ambayo hakuna kipima dozi cha mkononi kitakachoitofautisha na kiwango cha asili. Kwa hiyo kipima dozi kinaweza kukukatalia mfuko, lakini hakiwezi peke yake kukuruhusu kuutoa. Ruhusa inatokana na hesabu na rejesta, kisha inathibitishwa na kifaa cha kupima uchafuzi kilichogusishwa karibu kabisa na mfuko.

Viwango vya kuachilia vinatofautiana sana. Teknesiamu-99m na iodini-125 ni bekereli 100 kwa gramu, fosforasi-32 ni 1,000, lakini kobalti-60, sizimu-137 na amerisiamu-241 ni 0.1 tu. Anayetumia namba moja kwa kila kitu anaweza kukosea hadi mara elfu kumi.

Mfuko ukiwa na isotopu mbili, gawanya kila moja kwa kiwango chake, kisha jumlisha. Jumla isizidi 1. Mfano: iodini-131 ni 6 na teknesiamu-99m ni 50. Unapata 0.6 na 0.5, jumla 1.1. Kila moja ilikuwa chini ya kiwango chake, na bado mfuko haupiti. Usubirishe siku moja: teknesiamu inashuka hadi karibu 3, iodini hadi 5.5, jumla inakuwa 0.58. Unapita.

Kuongeza mchanga au karatasi safi ili namba ya kwa gramu ishuke ni udanganyifu na kumepigwa marufuku. Uzito unaopimwa ni wa taka ilivyotoka kazini.

Hatua ya sita: amua na uandike sababu

Kama taka imefika chini ya kiwango cha kuachiliwa, na leseni inaruhusu, ng'oa au futa kila alama ya mionzi kabla haijatoka getini. Fanya hivyo kwa umakini uleule wa kupima. Alama ya mabawa matatu ikionekana dampo, wazoaji watakimbia au watazoea kuipuuza, na yote mawili ni mabaya. Siku moja alama ya kweli itakapopita mbele yao, tunataka iwe bado inaogopwa.

Kama ina isotopu ya muda mrefu juu ya kiwango, iko daraja la tatu au la nne, na kazi yako inabadilika: hutaisubiri, utaifunga na kuikabidhi. Kwa isotopu za alfa za muda mrefu, mwongozo wa kimataifa wa kuzika karibu na uso wa ardhi unaweka wastani wa bekereli 400 kwa gramu, na hadi 4,000 kwa kifurushi kimoja kimoja. Ikizidi hapo haizikwi juu juu. Wewe huhitaji kuamua mpaka kati ya daraja la tatu na la nne kwa usahihi wa mwisho. Unahitaji kutoa taarifa kamili itakayomwezesha TAEC kuamua.

Andika sababu kwenye rejesta kwa sentensi kamili. "Daraja la pili, iodini-131 pekee kwa mujibu wa rejesta ya dawa, kuachiliwa baada ya tarehe fulani" inamsaidia atakayerithi stoo. "Sawa" haimsaidii mtu.

Vitu vinavyosumbua

*Jenereta ya teknesiamu.* Ndani kuna molibdenamu-99 yenye nusumaisha ya saa 66. Kama mkataba unaruhusu kurudishwa kwa mtengenezaji, rudisha. Kama hairudi, isubiri, ipime ikiwa imetolewa kwenye kinga yake, na usiiache risasi yake iende kwenye skrepa ikiwa na alama. Risasi yenyewe ni sumu hata ikiwa haina mionzi.

*Vitambua moshi vya zamani.* Aina nyingi zina amerisiamu-241, kwa kawaida karibu kilobekereli 37. Kimoja ukutani hakimdhuru mtu. Jengo la ghorofa 12 likikarabatiwa na fundi akakusanya mia mbili ndani ya gunia, hapo kuna karibu megabekereli 7.4 za isotopu yenye nusumaisha ya miaka 432. Usivifungue, usivivunje, usivichome. Vihesabu, uviweke kwenye chombo kigumu, na uwasiliane na TAEC.

*Karabai na fito za kuchomelea.* Kiwavu cheupe cha karabai, hasa cha zamani, kinaweza kuwa na thoriamu, na fito za tangisteni zenye ncha nyekundu za welding ya agoni zina takribani asilimia 2 ya thoriamu. Vikiwa vizima si tishio. Vumbi ndilo la kuogopa: majivu ya kiwavu kilichovunjika, na unga unaoruka fito inaponolewa kwenye jiwe. Karakana ya Gerezani au Keko inayonoa fito hizi kila siku inahitaji kufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji na kulikusanya. Upepo wa kompresa usitumike.

*Mbolea na malighafi.* Potasiamu ya asili ina bekereli 31 hivi kwa gramu, hivyo shehena ya mbolea ya kloridi ya potasiamu inaweza kukiamsha kifaa bandarini bila kuwa taka ya aina yoyote. Kwa mnyororo wa urani na thoriamu wa asili, kiwango ni bekereli 1 kwa gramu. Kwa potasiamu-40 ni 10. Mashapo ndani ya mabomba ya gesi na mafuta, na mchanga wa zirkoni wa viwanda vya vigae, ndivyo vinavyostahili kupimwa kwa uangalifu kwenye kundi hili.

*Kifaa cha kupima ushindiliaji.* Aina ya kawaida ina karibu gigabekereli 0.3 za sizimu-137 na 1.5 za amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu. Hivi ni vyanzo vilivyofungwa, na vyanzo vilivyofungwa hupangwa kwa kipimo kingine: unagawanya nguvu ya chanzo kwa thamani yake ya hatari, ambayo ni gigabekereli 100 kwa sizimu-137 na 60 kwa amerisiamu-241. Hapa unapata jumla ya karibu 0.028, na hilo ni kundi la 4 kati ya makundi matano, ambapo la 1 ndilo hatari kuliko yote. Mradi ukiisha na kampuni ikifunga ofisi, kifaa hiki hakibaki kwenye kontena la saiti. Kifanyiwe kipimo cha kuvuja kwa kufuta. Karatasi ikikutwa na zaidi ya bekereli 200, kihesabiwe kinavuja, kifungwe ndani ya chombo kingine na TAEC iarifiwe siku hiyohiyo.

*Vyuma chakavu.* Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, watu wawili walichukua kichwa cha mashine ya tiba kilichoachwa kwenye jengo la kliniki iliyohama. Ndani yake mlikuwa na sizimu-137, na ilipofika kwa mnunuzi wa skrepa unga wake uling'aa rangi ya buluu na watu wakagawana. Wanne walikufa, 249 wakakutwa wamechafuliwa, na zaidi ya watu 112,000 ilibidi wapimwe. Vijana wetu wa mikokoteni wanafanya kazi ileile kila siku. Mwenye yadi ajue dalili: kipande kizito kuliko ukubwa wake, mtungi wa risasi, alama ya mabawa matatu, maandishi ya isotopu. Akikiona, asikikate kwa gesi. Awatoe watu, azungushie kamba mbali kadiri anavyoweza, awazuie waliokigusa wasiondoke kabla ya kupimwa, na apige simu polisi na TAEC.

Hatua ya saba: makabidhiano na safari

Taka za muda mrefu na vyanzo vilivyoisha kazi hupelekwa kwenye kituo cha taifa cha kuhifadhi taka za mionzi kilichopo Arusha, kwa kibali cha TAEC. Usipakie kitu kabla kibali hakijatoka. Ombi lako litaeleza isotopu, nguvu na tarehe ya nguvu hiyo, namba ya chanzo kama imechongwa, hali ya kimwili, matokeo ya kipimo cha kuvuja, na vipimo vya nje.

Kifurushi kinapata kibandiko kwa vipimo viwili: dozi kwenye uso wake, na dozi kwa mita 1. Nyeupe I ni kisichozidi mikrosiveti 5 kwa saa usoni, na kwa mita 1 karibu hakuna kitu. Njano II hakizidi 500 usoni na 10 kwa mita 1. Njano III hakizidi 2,000 usoni na 100 kwa mita 1. Kipimo chochote kikiangukia daraja la juu, kibandiko kinafuata la juu. Vibandiko viwili vinavyofanana vinawekwa pande mbili zinazotazamana, ili hata kifurushi kikigeuzwa kimoja kionekane.

Dereva apewe karatasi inayosema amebeba nini, afanye nini gari likiharibika au likipata ajali, na nani wa kupigiwa simu usiku. Asimpakie abiria njiani, na asiegeshe gari nyumba ya wageni bila mlinzi. Kifurushi kikipokelewa, hati iliyosainiwa na kupigwa muhuri inarudi Dar es Salaam na kubandikwa kwenye ukurasa uleule wa rejesta ulioandikwa siku taka ilipofungwa, na mstari wa mfuko au chanzo hicho unafungwa kwa tarehe ya mapokezi.